Tanzia ya Buibui Wangu

Naona haya, lakini nasema. Nilikuwa karani mgeni katika mji wa Ibra, ng'ambo, sina jamaa hata mmoja. Nilichokuwa nacho ni buibui mkubwa mwenye manyoya, niliyetoka naye Zanzibar, nikimfuga kwenye chupa pana ya achari. Maji nilimpimia kwa kijiko, na kila panzi aliyemla nilimwandika daftarini. Asubuhi moja nikamkuta chali, miguu juu, hatikisiki.

Ofisini machozi yakanitoka. Mkubwa wangu, Bwana Saidi, akauliza, "Kuna nini, mwanangu?"

"Nimefiwa. Tulitoka Zanzibar pamoja, tukikaa wawili tu."

Sikuthubutu kueleza zaidi.

Alasiri wakaja ofisi nzima nyumbani kwangu kunipa mkono wa tanzia, na birika la kahawa na tende. Tangu nihamie, hakuna aliyewahi kunipigia hodi. Nilijua yanipasa niseme ukweli. Nikawakaribisha.

"Allah amrehemu," akasema Bwana Saidi. "Alikuwa nani wako?"

Kabla sijajibu, Hamed dereva akaruka. "Hebu tazameni, chupani mna buibui wawili!"

Nikageuka. Mmoja alikuwa ganda tupu, lililovuliwa kama nyoka avuavyo gamba. Wa pili anang'aa, anapanda kioo.

"Bwana Saidi," nikasema, "marehemu ndiye huyo."