Kaka Kaenda Ukweni na Tairi la Kipara

Leo tumekwenda Puge kumposea kaka yangu Shija, na aliyetuumbua ni tairi.

Gari lake linavuta kushoto tangu lilipotumbukia shimo njia ya Igunga. Fundi alimwambia apime alaimenti, magurudumu yakae sawa, la sivyo tairi litaliwa upande mmoja.

Jibu la kaka? "Nimeshalizoea."

Tairi la mbele likaliwa ukingo wa nje mpaka likawa kipara.

Sasa ukweni utaendaje na kipara? Jana kaka, bingwa wetu, akaligeuza kwenye rimu. Upande mzima ukakaa nje, kipara kikafichwa ndani. Akalipaka na dawa ya kung'arisha. Weee!

Tumefika, kaka kwa mbwembwe zake akakata usukani hadi mwisho, akapaki mbele ya viti vya wazee.

Upande wa ndani wote ukawageukia wao. Nyuzi za tairi zinachungulia.

Tukasalimiana, tukakaa. Mshenga wetu akaanza kumsifu: "Kijana wetu hana mambo ya kuficha."

Shangazi wa binti macho yake yako kwenye tairi tu. Akamgeukia kaka:

"Baba, mbona pazuri mmepaweka nje, pabovu mkapaficha ndani?"

"Nimeligeuza tu, shangazi. Bado linatembea."

"Na wewe mwenyewe, huko ndani ukoje?"

Mshenga akakohoa. Mimi nikajifanya nafunga kiatu, na nimevaa kandambili.

Wamesema watatujibu.

Tumerudi Tabora gari likivuta kushoto vilevile. Njiani kaka ananiambia amejifunza:

"Siku nyingine nitapaki usukani ukiwa umenyooka."

Mwambieni nyie. Mimi nimeshindwa.