Mama Anajivunia Mwili Ninaouonea Aibu

Admin, naomba ufiche jina langu. Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu tuliyeachana naye Parkdale. Tangu nihamie shule mpya, sili chakula cha mchana. Mama hunipakulia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, wali na nyama au chapati na maharage, ndani ya hotpoti. Nikifika shuleni nakimwaga, halafu najificha maktaba na riwaya mpaka kengele ilie.

Nina miaka kumi na sita. Nilizaliwa Morogoro, tukaja Toronto, mtaa wa Parkdale, nikiwa na kumi na mbili. Tuko mimi na Mama tu. Anahudumia wazee kwenye makao yao, na alipopata kazi Richmond Hill, nje ya jiji, tulihama, tukapanga nyumba ya chini, ile ambayo madirisha yake yako usawa wa nyasi. Parkdale shuleni kulikuwa na watoto wa kila namna, sikuwahi kuufikiria mwili wangu. Huku wasichana wa darasa langu ni wembamba na wanajuana tangu chekechea. Hakuna anayenitukana. Labda ningetukanwa ningejua la kujibu. Siku moja tukibadilisha nguo za michezo, mmoja aliniangalia mapaja akasema kwa upole kabisa, "Natamani ningekuwa jasiri kama wewe, nivae kaptura bila kujali." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikasema asante. Mpaka leo sijui kwa nini nilisema asante.

Nilitaka kumwambia Mama. Lakini Jumapili ya wiki hiyohiyo, baada ya ibada ya Kiswahili, mama mmoja Mkongo ambaye ananipenda sana alinishika mashavu mbele ya watu. "Eeh, mutazame huyu binti! Amenona! Kanada imemupokea!"

Mama alicheka kwa furaha ambayo siioni siku za kazi. "Geuka, mwanangu, wakuone."

Nikageuka.

"Alikuja mwembamba kama ufito huyu," Mama akawaambia. "Anakula kwangu, msifikiri ni hewa ya Kanada."

Wakacheka wote. Wapo pale wanaosifiwa kwa gari au kwa nyumba waliyonunua. Mama hana hivyo, ana mimi. Ningemwambiaje kwamba hicho anachowaonyesha watu ndicho ninachokificha ndani ya jaketi hata darasani kukiwa na joto?

Basi nikaendelea na siri yangu. Nikaanza kupungua. Nilidhani nitafurahi, lakini sikupata rafiki hata mmoja zaidi. Nilipata kizunguzungu kwenye ngazi, nikakaa chini nikijifanya nafunga kamba za viatu. Watu walinipita.

Wiki iliyopita tulimpigia Bibi simu ya video. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Mbona mifupa ya shingo imetoka? We mama yake, huyu mtoto unamlisha nini huko?"

"Anakula, Mama," Mama akajibu.

"Anakula nini? Au chakula cha Wazungu ni cha kunusa tu?"

Mjomba akapaza sauti kutoka nyuma, "Mrudisheni huku aje ale ugali! Mwenzetu yuko bize na wazee wa watu, mtoto wake anakauka."

Walikuwa wanatania. Mama naye akacheka. Lakini simu ilipokatika alibaki ameishikilia, akaniuliza bila kunitazama, "Kuna kitu nimekukosea?"

Nikasema ni masomo tu. Kesho yake akaongeza chakula kwenye hotpoti mpaka kifuniko kikawa hakifungi vizuri.

Dada zangu, mama zangu mnaosoma ukurasa huu, hapo ndipo nilipokwama. Nikila, naona aibu shuleni. Nisipokula, aibu inamwangukia Mama, tena mbele ya mama yake mzazi. Nikisema ukweli, nitakuwa nimemwambia kwamba furaha yake pale kanisani iliniumiza. Hapa sina mtu wa kumuuliza, ndiyo maana nawauliza ninyi nisiowajua. Mzazi anaambiwaje jambo kama hili bila kuvunjwa moyo?

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, nikasita kutuma. Jumamosi Mama alikuwa ananisuka. Nimekaa chini, yeye kwenye kochi nyuma yangu, hatuonani nyuso. Nikajikuta nasema, "Mama, shuleni sili. Nakimwaga."

Mikono ikasimama. "Chakula changu kibaya?"

"Hapana. Ni mimi. Sipendi nilivyo."

Akamaliza mstari mzima, akaanza mwingine. "Na pale kanisani, niliposema ugeuke?"

Nililia, na nadhani naye alilia, maana alivuta kamasi mara kwa mara akisingizia mafua.

"Kwetu mtu akikwambia umenenepa, amekubariki," akasema. "Nilidhani nakusifia, mwanangu."

"Najua, Mama."

"Mimi haya mambo siyajui. Lakini huko shuleni si kuna mtu wa kuongea na wanafunzi? Nenda kwake. Akinihitaji, nitaomba ruhusa kazini nije."

Kisha akaniuliza kama ananivuta nywele sana. Nikasema kidogo.

Bado sijui kama amenielewa. Tangu siku hiyo ananitazama kama mgeni aliyefika nyumbani bila taarifa, anaogopa hata kunikaribisha mezani. Ushauri wenu bado nauhitaji sana, hasa ninyi mlio wazazi.

Jumatatu mchana sikwenda maktaba. Nilikwenda kwa mshauri wa wanafunzi. Mlango ulikuwa umefungwa, ndani kulikuwa na mtu. Nikakaa kwenye kiti cha nje, nikasubiri.