Siku Nilitupa Dawa ya Yaya

Yaya, dada yangu mukubwa, njo alikuwa wa kwanza kucheka maneno yangu. Mama anasema, "Huyu mutoto, kinywa yake haina frein ya kuisimamisha," na Yaya tayari iko anashika tumbo, machozi inatoka. Masomo yangu iliishiaka ku primaire, lakini kumuchekesha Yaya, pale nilikuwa professeur.

Alikuwa na kifafa. Bantu ba avenue yetu, hapa Ruashi, banasema ukigusa povu yake, itakuingia na weye. Akianguka, bote banakimbia. Paka miye peke njo nilikuwa namugeuza ku ubavu, namushikilia kichwa: "Yaya, rudia, bukari yako inapoa ku sahani." Anafungua macho, anacheka na meno ya damu.

Kisha munganga wa centre ya afya moja ya mbali akamupatia dawa. "Ni bongo inapiga shoti, sawa courant ya umeme ya kwenu. Asiache hata siku moja." Kila mwezi tulienda asubui mapema, tunapanga foleni mupaka kichwa inauma hata miye muzima. Myezi munane, Yaya hakuanguka.

Ku kanisa bakasema ni maombi. Kwetu, muntu akipona anatoa témoignage, ushuhuda wake: anavaa kikwembe ya mupya, anashika micro mbele ya bote. Yaya akatoa. Bantu bakacheza, Mama akalala chini, analia na furaha. Kufika ku nyumba, Mama akanipatia sachet ya dawa.

"Enda utupe ku musalani. Muntu anasema Mungu alimuponesha, kisha anakunywa dawa? Ni kumufanya Mungu mubongo, muntu wa kudanganya."

Nikatupa. Tena nikavua kofia, nikaambia bamende ba mule: "Kunyweni, bababa, hamutaanguka tena!" Mama mwenyewe akacheka. Wakati aliingia ndani, Yaya akaniuliza polepole:

"Ulitupa yote?"

"Yote. Ulitaka nibakishe, bamende bakunywe nusu?"

Hakucheka. "Nilizania utanifichia kidogo."

Nikamwambia turudie ku centre, tuombe ingine.

"Ku ile foleni kuko bamama ba kanisa na batoto yabo. Bataniona. Mama ataweka uso wapi?"

Nikaenda miye peke. Infirmière, ule wa kugawa dawa, akanirudisha: "Mugonjwa mwenyewe njo anakuya."

Siku ya kumi na moja, Yaya akaanguka mu bassin ya kufulia nguo, uso mu mayi. Ile mayi haikuwa inafika hata ku kiko ya mukono. Bajirani batatu balikuwa pale. Balisimama mbali, banaita Yesu, banangojea miye, juu miye njo wa kumugusaka. Na miye nilikuwa ku kona ya avenue, nachekesha bantu. Nilisikia makelele, nikazania ni maombi.

Ku kilio, matanga ya Yaya, kwetu babinamu banachekeshaka bantu, juu mioyo isipasuke. Bakaniita na miye: "Eh, petit wa maneno, anza!"

Nikasimama. Maneno ilikuwa mu kinywa, tena ya muzuri. Nikaangalia kwanza upande ya mulango, pale Yaya alikuwaka anaikala, nione kama ameanza kushika tumbo.

Nikaikala chini.