Uyoga wa Lempi Kuittinen

Lempi Kuittinen hakuwa mchoyo. Angekupa kahawa, mkate mweusi, hata soksi alizofuma kwa mkono wake. Lakini mahali alipochuma uyoga hakumwambia mtu. Mchungaji alipouliza, alimtolea macho. Miaka thelathini na mitano aliegemeza baiskeli yake darajani, kisha akatembea robo saa nzima upande mwingine kabisa, ili wapekuzi wahangaike bure. Kijiji kizima kilifanya hivyo hivyo, wala hakuna aliyeona ni kosa.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa wifi yake Aune, mke wa kaka yake. Kila Krismasi walionjeshana uyoga waliouhifadhi kwa chumvi na kutupiana vijembe.

"Huu wako umeuokota wapi, wifi? Sokoni?" Aune angeuliza.

"Pale pale ulipopita bila kuona."

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa, akiwa na miaka sabini na mmoja, Lempi aliteleza kwenye jiwe lililolowa, mguu ukateguka vibaya. Alianguka katikati ya uyoga wake, wenye rangi ya kutu, umetapakaa chini ya misonobari kuliko mwaka mwingine wowote.

Alasiri alisikia watu wakimwita, mbali, kule kwenye baiskeli. Kuitika ni kuwaleta wote pale. Akanyamaza. Alijiona mpumbavu, lakini akanyamaza. Mvua ikaanza, meno yakamgongana, na zile sauti zikawa zinafifia. Hapo hofu ikamshinda, akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Nakuja!" Ilikuwa sauti ya Aune. "Wengine nimewaambia wabaki darajani!"

Baada ya muda Lempi akamwona akitokea kati ya miti, anatembea kinyumenyume, anapapasa njia kwa fimbo na kujikwaa kwenye mizizi.

"Wewe, umerukwa na akili? Mbona unakuja hivyo?"

"Sitaki kuona chochote, usije ukanisema bure mpaka nife. Endelea kuongea, nifuate sauti."

Lempi alicheka mpaka mguu ukamuuma, kisha machozi yakamtoka. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumheshimu namna ile.

"Geuka, wifi," akasema. "Geuka, unaukanyaga uyoga."