Yuko Njiani

Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, nalisema mapema kabla mke wangu hajanisemea. Nikikwambia mvua ya London ilinyesha mwezi mzima bila kupumua, jua ilinyesha alasiri moja. Nikikwambia nilifagia jengo la ghorofa mia, gawa kwa kumi. Ila haya ya namba tisa wetu nitayaacha kama yalivyo. Niliwahi kujaribu kuyatia chumvi mbele ya watu, nikashindwa kumaliza.

Mtu wa Tanga mimi, lakini nilikuwa naishi Barking, mashariki ya London, miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Wiki nzima nafagia maofisi, Jumapili mimi ni meneja wa mpira. Timu yetu ilikuwa ya Waswahili wa kila namna: Watanzania, Wakenya, Wakongo, na Msomali mmoja aliyekuja kuuliza njia ya stesheni tukampa jezi. Ligi ilikuwa yetu wenyewe, timu nane za mitaa. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko, basi nikawa nawaambia watu kwamba kipa wa chini analala na kofia ya chuma.

Tatizo la ligi lilikuwa timu ya Thornton Heath. Mdhamini wao alikuwa na duka la kusafirisha mizigo kwenda Afrika, na huyo bwana alikuwa ananunua wachezaji kama watu wanaonunua vitunguu. Huyu kapewa viatu, huyu simu, huyu suti ya harusi na harusi yenyewe hana. Kipa wetu alichukuliwa kwa friji. Tukaona ligi inakufa. Mameneja wote tukaitwa kwenye ukumbi wa kanisa pale Ilford, ikawekwa sheria: kila timu isitumie zaidi ya pauni elfu moja kwa wachezaji wake wote, msimu mzima. Tukaiita dari. Ukitoboa dari, unatolewa kwenye ligi.

Katibu wa ligi alikuwa mama wa Kikenya, nesi, sisi tulimwita Sista. Yeye ndiye aliyeandika sheria kwenye daftari lake la jalada jeusi, na siku ile alizisoma zote, moja moja, kama anagawa dawa wodini. Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi nagawa sambusa na kuvunja watu mbavu. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililisomea dirishani. Nikasikia "dari, elfu moja," nikaona inatosha, mengine yatajieleza mbele ya safari.

Msimu uliofuata timu moja ya Ilford ikavunjika, wachezaji wake wakawa huru. Mchezaji huru maana yake mkataba wake umekwisha, hana wa kumshika, anayemwahi ndiye wake. Kati yao alikuwepo kijana wa Bukavu, mshambuliaji, ndiye huyu namba tisa wetu. Mrefu, mpole, anatembea kama mguu mmoja unaomba radhi kwa mwenzake. Lakini akipiga shuti, njiwa wa Barking wanahamia Dagenham.

Thornton Heath walimtaka, sisi tulimtaka. Yeye alitaka pauni mia tisa, na alizitaka zote siku hiyo hiyo, kwa sababu mke wake na mtoto walikuwa Kampala wanafukuzwa kwenye chumba. Sasa ukitoa mia tisa chini ya dari ya elfu moja, wengine kumi na tatu watakula nini? Thornton Heath wakakwama hapo. Mimi nikakumbuka sofa langu.

Sofa nilinunua dukani kwa kulipa kidogo kidogo miaka mitatu. Nililikalia siku ya kwanza, deni likanifuata taratibu. Nikamwendea Sista nikamuuliza: je, nikimpa huyu kijana mia tisa leo, mkataba misimu mitatu, kwenye daftari si unaandika mia tatu kila msimu? Akasema inawezekana, lakini kijana akiondoka kabla, hela iliyobaki yote inaangukia msimu ule ule alioondoka. Nikasema ataondoka aende wapi, hapa kuna mimi. Tukachanga, mke wangu akauza chapati mpaka mikono ikawa nyeupe, mia tisa ikapatikana. Mkongo akasaini. Nikatembea Barking nzima kama nimegundua umeme.

Kuhusu lile sofa, mguu wake ulikuwa umeshavunjika siku nyingi. Nilikuwa bado nalilipia. Hilo sikumwambia mtu.

Lazima nieleze na mambo ya kuita majina, maana kila kitu kimelala hapo. Kila Jumapili kabla ya mechi Sista anasimama na daftari, anasoma majina, kila mtu anaitika "nipo." Asiyeitika Jumapili tatu mfululizo anahesabiwa ameondoka. Lakini London Jumapili treni hazina akili. Laini imefungwa, mnapandishwa basi, basi linazunguka kama linatafuta mke. Kwa hiyo kulikuwa na desturi: mtu akichelewa, meneja wake anaitika kwa niaba yake, "yuko njiani," na Sista anaweka tiki. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu aliwahi kuwa njiani.

Msimu wa kwanza namba tisa alifunga mabao sijui mangapi; mimi husema mia. Msimu wa pili, siku moja ya baridi, akanifuata baada ya mazoezi. Nilikuwa nakusanya mipira. Akasema kaka yake kapatikana. Kaka mwenyewe alikuwa kampotelea kwenye vita, mama yao alishamlilia na matanga kuanua. Kumbe yuko Uingereza hii hii, huko Leeds, na anaumwa vibaya. Akataka nimwachie, ahamie kule amuuguze.

Nikapiga hesabu kichwani hapo hapo. Mia tatu ya msimu ule ilikuwa imeshaandikwa, mia saba nimeshawaahidi wengine, dari imejaa mpaka kwenye vigae. Akiondoka, mia tatu ya msimu wa tatu inaangukia msimu huu huu. Tumetoboa, timu imekufa. Nikamweleza kwa upole na utani, nikamwambia mkataba ni kama ndoa ya kanisani. Hakucheka. Alisema amekula hela yetu na hawezi kutuaibisha.

Wiki mbili baadaye akarudi. Sasa hakuomba kuachiwa. Alikuwa anafanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili ndiyo siku yake pekee.

"Muzee," aliniambia, "unipe siku ya Mungu moja tu. Eko ku hospitali. Nimuone, nirudi."

Jumapili moja. Ningesema tu "yuko njiani," Sista anaweka tiki, na dari isingetikisika hata kidogo. Lakini Jumapili ile tulikuwa tunacheza na Thornton Heath.

Nikamwambia mkataba hauruhusu.

Akatoa tiketi ya basi mfukoni, akaandika nyuma yake anwani ya kaka yake kule Leeds, akanikabidhi. Akasema niiweke, ili nikipita Leeds siku moja nijue ndugu zangu walipo. Nikaitia kwenye koti la umeneja.

Jumapili akacheza. Alifunga mawili. Tuliwapiga Thornton Heath mbili bila, mdhamini wao akaondoka kabla ya filimbi, na mimi nikabebwa mabegani, nikiwa na kilo zangu mia na kitu, hapo siongezi. Nikiwa juu kule nilimtafuta kwa macho. Alikuwa amekaa pembeni anafungua kamba za viatu polepole sana, kama viatu vya mtu mwingine.

Jumanne kaka yake akafa. Nilisikia kwa Mkongo waliyekuwa wanakaa naye chumba kimoja. Alisema namba tisa alipokea simu, akakunja nguo zake, akatoka. Jezi yetu aliifua, akaiacha juu ya kitanda.

Jumapili iliyofuata Sista akasoma majina. Akafika kwake. Mdomo wangu ukasema peke yake: "Yuko njiani."

Tiki.

Nilijiambia ni mara moja tu, mpaka apumzike na msiba. Ya pili nikasema hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Ule uongo nilioshindwa kumpa Jumapili moja aende kumuona kaka yake, niliutoa Jumapili nane kwa ajili ya dari. Wachezaji waliacha kucheka nikisema. Nikilitamka lile neno wote walikuwa wanageuka kutazama geti la uwanja, na mimi nageuka nao.

Ili uongo uwe na nguo nilikuwa natandika ile jezi aliyoiacha, namba tisa, kwenye benchi, iwe inamsubiri. Mke wangu ndiye anayefua jezi. Siku moja akanitokea sebuleni ameishika.

"Hii kaivaa nani?"

Nikamwambia hakuna. Akanionyesha kola. Imelowa, ina alama ya jasho. Nikasema mvua. Akainusa, akaniangalia, akaenda kuifua peke yake, haikuchanganywa na nyingine. Tangu siku hiyo aliianika mbali na jezi nyingine, na sikuthubutu kumuuliza kwa nini.

Na Jumapili ya nane kulikuwa na ukungu. Sista akasoma, nikaitika, tukageuka wote kama kawaida. Getini alikuwa anaingia mtu. Mrefu, ana begi, na ule mguu mmoja unaoomba radhi. Msomali wetu akanyanyua mkono kumpungia. Yule mtu akakata kulia, akapita nyuma ya kibanda cha kubadilishia nguo. Tukangoja atokee upande wa pili. Kibanda chenyewe hatua sita. Tukangoja. Refa akapuliza filimbi mara mbili na hakuna aliyeingia uwanjani.

Niliendea kibanda. Nyuma yake kulikuwa na nyasi na maji ya mvua tu.

Nikarudi mpaka kwa Sista, bado ana daftari mkononi. Nikamwambia afute ile tiki, namba tisa hayupo njiani, ameondoka zamani. Akauliza tangu lini. Nikamwambia yote. Kaka, hospitali, Jumapili ya Thornton Heath. Nikamwambia aandike mia tatu iangushe dari, atutoe, nimechoka.

Sista alikaa kwenye benchi, akaisogeza ile jezi taratibu. Akafungua kurasa za mwanzo za daftari.

"Mzee wa Tanga," akasema, "mchezaji mwenye mgonjwa wa damu au msiba anaachiwa siku hiyo hiyo, na hela yake haiangukii timu. Hii ni sheria ya nne. Hakuna mtu kwa ule ukumbi aliyeipinga."

Nikamuuliza aliisoma lini.

"Ulikuwa unagawa sambusa."

Sasa fikiria. Ukumbi mzima wa watu weusi, kila mmoja ana mtu wake kafia mbali bila kumzika, ungefikiri wangesahau kuandika msiba? Mtoto mdogo angejua. Ningeuliza tu. Lakini ningeuliza siku ile angeenda Leeds, na mimi nilitaka mabao mawili.

Sista alichana karatasi, akaandika kwamba mchezaji ameachiwa kwa sababu ya ugonjwa wa ndugu, akaweka tarehe ya siku aliyokuja kuniomba. Timu ikapona. Hatukutolewa, hatukupungukiwa hata senti, na vijana walifurahi. Mimi nilichukua ile karatasi nikaikunja pamoja na tiketi ya basi.

Jumapili iliyofuata sikwenda uwanjani. Nilipanda basi la mbali asubuhi kwenda Leeds. Najua saa ya mechi ilipofika waliulizwa meneja yuko wapi, na najua walivyoitika.

Nyumba niliipata, mtaa wa nyumba za matofali zilizoshikana mabega. Madirisha yalikuwa yamepigwa mbao. Bibi mmoja wa Kizungu wa jirani akatoka, akaniambia mgonjwa alikufa, ndugu yake akaja akamzika, akakaa humo wiki mbili akifagia mpaka ngazi za watu, kisha akaondoka. Wapi, hajui. Ndani hamna mtu, alisema, kaunsili, yaani halmashauri ya mji, ndio waliofunga, na ufunguo wanao wao.

Alipoingia kwake nikabaki mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema, na kwenye basi yalikuwa mazuri sana. Yakaisha yote. Nikatoa ile karatasi ya kumwachia, nikaisukuma kwenye tundu la barua. Sakafu ya ndani ilikuwa ya mbao tupu, unaiona ukichungulia. Nikatega sikio nisikie ikianguka.

Nimesema uongo mwingi maishani, na wengi nimeusema vizuri. Hii sina haja ya kuipamba. Karatasi ilishikwa upande wa ndani, taratibu, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake, na ikavutwa mpaka ikanitoka vidoleni. Haikuanguka.

Nikasema, "Nenda, ndugu yangu, sitakuitikia tena." Nikasimama pale mpaka baridi iliponiondoa.