Mashine Ilipomwambia Kamanda Ajaribu Tena

Askari walipopita shuleni kwetu mara ya kwanza, walibeba kila kitu kilichokuwa katika maabara. Walichukua hadubini mbili, mizani, chupa za dawa, hata mifupa ya plastiki ambayo hadi leo sijui ilimfaa nani vitani. Nilikuwa nikifundisha biolojia katika shule ya sekondari ya wasichana mjini Butembo, upande wa Kimemi, shule iliyoongozwa na masista. Baada ya siku hiyo nilibaki na ubao na chaki.

Nilipofika kwenye somo la moyo nilipitia sokoni asubuhi, nikanunua moyo wa mbuzi na kuutia kwenye mfuko. Nikaupasua kwa kisu cha jikoni mbele ya wasichana arobaini na sita. Waliokaa mbele waliona kitu. Waliokaa nyuma waliona migongo ya waliokaa mbele. Na moyo wenyewe ulikuwa umelala tu pale mezani, umekufa. Nilieleza jinsi unavyosukuma damu nikijua kabisa kwamba hakuna anayeniamini.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mkali. Msichana akijibu vibaya nilimwacha amesimama hadi mwingine ajibu sawa. Nilifundishwa hivyo, na sikuwahi kujiuliza kama kuna njia nyingine.

Ndipo mzazi mmoja, mfanyabiashara aliyekuwa akienda Kampala kuleta bidhaa, akaizawadia shule kompyuta. Lori lake lilipita mpakani Kasindi likaishia Beni, kwa hiyo mashine ikaachwa huko, katika shule nyingine ya misheni iliyokuwa tayari na kompyuta yake na mwalimu wa kuitumia. Sista mkuu wa shule aliniita ofisini.

"Madame, wewe utaenda Beni," akasema. "Utajifunza ile ordinateur, kisha utaileta."

"Ma sœur, mimi sijawahi hata kuigusa."

"Hakuna aliyeigusa. Donc, tuko sawa wote."

Mume wangu hakupenda. Barabara ya Beni ilikuwa na askari hapa na pale, na hukujua leo ni wa nani na kesho ni wa nani. Lakini alinisindikiza hadi kwenye gari, akaniambia nisikae upande wa mlango.

Huko Beni nilikaa siku nne. Mwalimu aliyenifundisha alikuwa mtu wa Kasai, aliyetumwa kazini kwetu kabla ya vita na kisha akashindwa kurudi kwao kwa sababu mstari wa mapigano ulikuwa katikati. Alikuwa mpole kupita kiasi. Nilikuwa nikisukuma kwa nguvu kile kidude cha kuelekeza mshale, ambacho Wafaransa wanakiita panya, na mshale ulikuwa ukikimbia kona zote za kioo cha mashine. Hakunicheka.

Alinionyesha diski moja iliyokuja pamoja na mashine. Ilikuwa ya mwili wa binadamu. Ukibonyeza kifua, kifua kinafunguka, na moyo unaonekana ukidunda. Damu inapita, ya buluu inakwenda mapafuni, nyekundu inarudi. Sauti ya mwanamke inaeleza kwa Kifaransa. Kisha yule mwanamke anakuuliza maswali: hiki ni nini, damu hii inaingia wapi? Unalivuta jina kwa mshale na kuliweka mahali pake. Ukikosea anasema, "Non. Essayez encore." Jaribu tena. Ukipata, tarumbeta ndogo inalia na yeye anasema, "Bravo!"

Nilikosea mara nyingi, mimi niliyefundisha moyo miaka tisa. Moyo wa kwenye kioo ni wa mtu anayekutazama, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwako. Nilisahau hilo mara tatu mfululizo, na mara zote tatu yule mwanamke akaniambia nijaribu tena kwa sauti ileile, bila kuchoka.

Siku ya tano tulifunga kioo kwa godoro la sponji na vitenge viwili, tukapakia kila kitu kwenye gari lililokuwa likipeleka mawese na mchele Butembo. Mimi nilikaa mbele na sanduku la mashine mapajani. Diski ilikuwa ndani ya daftari langu, na daftari ndani ya nguo yangu. Katika daftari hilo nilikuwa nimeandika hatua zote za kuwasha: kwanza hiki, subiri, halafu kile. Sikuwa nimeiwasha hata mara moja bila yule mwalimu kusimama nyuma yangu.

Tulikuwa tumeshapita nusu ya njia tulipokuta bariyeri. Mwanzi ulikuwa umelazwa barabarani, na askari saba au wanane walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha kibanda. Mmoja akaja, akachungulia.

"Mama, hii kintu njo nini?"

"Iko ordinateur, mwanangu. Ya masomo."

Akaita wenzake. Wakashusha sanduku na kioo, wakafungua vitenge. Mmoja akasema kwa sauti kubwa kwamba hapana, hii ni foni ya kuzungumza na adui, yeye ameshaziona. Wakati ule watu walikuwa wamepotea kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Dereva wetu alisogea mbali nami polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kujisaidia.

Kamanda wao akatoka kibandani. Alikuwa mtu mzima, si wa kwetu, Kiswahili chake kilichanganyika na Kilingala. Aliizunguka mashine bila kuigusa.

"Mama, banasema ni foni."

"Hapana, Komanda. Mimi ni mwalimu ya biologie kule Butembo. Hii inafundisha batoto."

"Inafundisha namna gani?"

"Inasema. Inauliza. Mutu anajibu."

"Basi iseme," akasema. "Tusikie. Kama haisemi, tutajua ni bongo, unatudanganya."

Walikuwa na jenereta nyuma ya kibanda, waliyoitumia kupiga muziki. Waliiwasha. Mimi nikapiga magoti vumbini, nikatoa daftari, nikaanza kuunganisha nyaya mbele ya bunduki nane. Nilisoma hatua ya kwanza, nikaifanya. Nikasoma ya pili. Kioo kikabaki cheusi. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema "Munaona?" Nikarudi kwenye daftari, nikaona nimeandika pale, na kupigia mstari: subiri. Nikasubiri. Sijui kama niliomba au niliacha tu kupumua. Kisha mwanga ukaja, na herufi zikaanza kushuka, na nikatia diski.

Moyo ukatokea, ukadunda. Yule mwanamke akaanza kueleza kwa Kifaransa chake safi, pale barabarani katikati ya migomba.

"Eh!" wakasema askari wote kwa pamoja. Wakasogea. Mmoja aliweka bunduki chini ili aone vizuri.

Nilidhani yameisha. Lakini kamanda aliketi kwenye kibao na kusema, "Leta. Nijibu miye."

Nikamwonyesha jinsi ya kushika. Swali lilikuwa: damu inayotoka mapafuni huingia chumba gani cha moyo? Akafikiri, akavuta jina la chumba cha juu cha kushoto, akaliweka upande wa kushoto wa kioo.

"Non," akasema mwanamke. "Essayez encore."

Hakuna askari aliyecheka, na ndiyo maana niliogopa zaidi. Walikuwa wakitazama chini. Kamanda akaliweka tena palepale, kwa nguvu zaidi.

"Non. Essayez encore."

"Huyu mwanamuke ananitukana?" akaniuliza.

Sijui nilipata wapi sauti, lakini niliyoipata ilikuwa sauti ya darasani. "Komanda, hakutukani. Miye aliniambia vile mara tatu, na mimi ni mwalimu. Jina umechagua ni ya kweli kabisa. Ni mahali tu. Huyu mutu kwenye kioo anakuangalia. Kushoto yake haiko kushoto yako."

Kamanda akamgeukia askari mrefu aliyekuwa karibu. "Wewe! Simama hapa, uniangalie. Inua mukono ya kushoto."

Askari akainua. Kamanda akautazama ule mkono, akatazama kioo, akatazama tena mkono. Akalivuta jina taratibu hadi upande wa pili na kuliachia.

Tarumbeta ikalia. "Bravo!"

Basi pale wakapiga kelele kama timu yao imefunga bao. Kamanda mwenyewe alicheka hadi akapiga paja, na mimi nikajikuta ninacheka pia, machozi yakinitoka, na mkojo ukinibana. Akajibu maswali mengine matano. Kila alipokosea alisema mwenyewe kabla ya mashine, "Najua, essayez encore," na askari wake wakacheka naye.

Aliniambia kwamba aliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari. Aliamuru wafunge mashine sawasawa kama ilivyokuwa. Kisha akachana karatasi kutoka kwenye daftari langu, akaandika kwamba hiki ni chombo cha masomo na waniruhusu kupita, akatia sahihi. Katika bariyeri iliyofuata walisoma karatasi hiyo na kunyanyua mti mara moja. Dereva alinisemesha tena tulipoanza kuona mabati ya Butembo.

Mume wangu alikuwa amesimama njiani tangu adhuhuri. Alichukua sanduku mapajani mwangu, na hapo tu ndipo nilipogundua kwamba miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa uzito wake.

Jumatatu tuliiweka mashine katika iliyokuwa maabara. Masista walitoa mafuta ya jenereta kwa saa moja. Wasichana walijipanga nusu duara, wafupi mbele, warefu juu ya mabenchi nyuma, na nilipoufungua moyo na ukaanza kudunda, darasa lote likanyoosha shingo. Halafu mmoja akasema taratibu kwa Kinande, lugha ya kwetu, kwamba kumbe unafanya kazi hivyo hata tukilala.

Nikamwita wa kwanza aje ajibu. Alikuwa msichana aliyetoka Masereka, mwenye bidii lakini mwoga, ambaye nilikuwa nimemsimamisha mara nyingi kwa kukosea. Mshale ulimkimbia kama ulivyonikimbia kule Beni. Akakosea.

"Non. Essayez encore."

Akanigeukia mimi mara moja. Hakutazama kioo. Alinitazama mimi, mabega yamepanda, akingoja. Nikaelewa kwamba alikuwa akiniogopa kama nilivyomwogopa yule kamanda. Lilinichoma jambo hilo, sitaficha.

"Umesikia," nikamwambia. "Jaribu tena. Mimi nilikosea hapohapo."

"Wewe, Madame?"

"Mara tatu."

Wasichana wakatazamana, kisha wakacheka, na mabega yake yakashuka. Alipopata, tarumbeta ikalia na wote wakapiga makofi. Baada yake walikuwa wakigombania kuja. Walikosea kwa furaha. Kulikuwa na maswali kuhusu mishipa ambayo hata mimi sikujua majibu yake, nikasema hivyo waziwazi, tukabahatisha pamoja, mashine ikatukatalia sote. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia la viazi. Miaka yote ile nilikuwa nimejibebesha kazi ya kujua kila kitu na kutisha kila mtu, na hakuna aliyekuwa ameniomba.

Sikuwahi tena kumwacha mtoto amesimama.

Miezi michache baadaye mapigano yalifika kwenye vilima vya mji. Shule ilifungwa karibu wiki tatu. Siku ya kwanza ya milio, sista mkuu na mimi tulitenganisha mashine: kioo tukakificha chini ya kitanda chake, sanduku nyuma ya magunia ya maharage jikoni. Halafu kila mtu akakimbilia kwake. Wazazi wengine walipeleka watoto wao Lubero, wengine walijifungia ndani. Usiku na mchana niliwahesabu wasichana wangu kichwani, kwa mpangilio wa viti vyao.

Shule ilipofunguliwa nilichukua orodha ya majina na kuingia darasani. Siku ya kwanza walikuwa thelathini na wanane. Siku ya pili arobaini na mmoja. Gari kutoka Lubero lilipofika Alhamisi lilileta wanne. Wa mwisho, yule wa Masereka, aliingia Ijumaa katikati ya somo, viatu vimejaa matope, kwa sababu alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia. Arobaini na sita.

Hakusema habari wala hakuomba radhi kwa kuchelewa. Alisimama mlangoni akihema, akauliza, "Madame, ordinateur iko muzima?"

"Iko muzima," nikasema. "Ingia, ukae."

Nikageukia ubao kana kwamba nina jambo la kuandika, hadi nilipoweza kuwageukia tena.