Safari ya Porini Bila Fufu

Leo nimeona mtu akila samaki wanne, kisha akaniuliza chakula kiko wapi.

Niko msituni Masako na binti yangu Aziza. Kwa sababu ya kisukari, daktari amenikataza fufu (ugali wetu wa mihogo), wali na mihogo. Aziza alikubali tulale porini siku chache kwa sharti moja: sukari ikipanda, tunarudi nyumbani, Kabondo.

Vyakula alivipanga mwenyewe. Samaki waliokaushwa kwa moshi, mayai ya kuchemsha, karanga. Fufu hakuna.

Mchana tulikula vizuri. Baruti, anayetuongoza njia, alimaliza sahani yake, akanawa mikono, akabaki ameketi.

"Tonton, chakula iko wapi?" akaniuliza. Tonton, yaani mjomba, ndivyo anavyoniita.

"Si umekwisha kula?"

"Hapana! Ile ilikuwa mboga."

(Kwetu, samaki ni mboga tu, yaani kitoweo; asiyeshika fufu hajala. Nilisahauje jambo hilo, mimi niliyezaliwa hapa?)

Akafungua mfuko wake, akatoa kwanga, mihogo iliyofungwa kwa majani, nene kama mkono wangu.

"Bon, sasa tukule. Lete mboga."

Aziza, kwa adabu, akampa samaki wengine. Kisha mayai. Kisha karanga. Akiba yote ya kesho ikaisha.

Jioni nimepima sukari. Haijapanda! Aziza amefurahi, safari inaendelea.

"Lakini kesho nitakula nini?" nikamwuliza Baruti.

"Usiogope, tonton. Kwanga iko mingi!"

Wenzangu wenye kisukari, nishaurini kabla hakujapambazuka.